Tundu la Milimita Kumi

Nilitaka tundu la milimita kumi.
Mashine ikanipa kumi na moja juu,
kumi na mbili chini,
na ukingo uliochanika kama mdomo wa gunia.

Ni mashine ya kutoboa, ya kusimama, kijani iliyobabuka,
niliyoinunua Gikomba kwa bei ya mbuzi mwenye afya.
Inakaa hapa Buruburu, nyuma ya nyumba,
kati ya tangi la maji na baiskeli isiyo na mwenyewe.
Mama mkwe anangoja kichanja cha sahani:
vigingi arobaini, matundu arobaini,
na malipo ya awali ameshatoa,
kwa hiyo hata ukwe hautaniokoa.

Nilianza na lililo rahisi, kulaumu ubao.
Mkangazi una mishipa, nikasema. Nikaleta saipresi.
Saipresi nayo ikachanika.
Nikalaumu biti, nikanunua mpya,
ikalia yale yale: mluzi, moshi,
harufu ya mkate uliosahaulika jikoni.

Mkanda ulikuwa unang'aa kwa uzee.
Niliubonyeza kwa kidole gumba ukazama kama godoro.
Nikaisukuma mota nyuma, nikakaza bolti.
Mluzi ukanyamaza. Tundu likabaki pana.
Nikauhamisha mkanda ngazi ya chini, kasi ipungue.
Moshi ukaisha. Tundu likabaki pana.
Nikasimamisha kipimapembe juu ya meza,
kumbe meza imeinama unywele mmoja;
nikainyoosha. Tundu,
unajua.

Saa mbili usiku mota ikaanza kukohoa,
maana mtaa mzima unapika
na Okumbe anachomelea geti la mtu.
Nikalala. Nikaamka saa tisa,
nikaingia na soksi, umeme umejaa tele,
nikatoboa ubao mmoja kwa haraka ya mwizi.
Nguvu ilikuwepo. Tundu limepotoka vilevile,
ila sasa limepotoka kwa kujiamini.
Mke wangu alifungua dirisha, akanitazama,
akalifunga.

Nikabana msumari mnyoofu katika taya,
nikauzungusha mhimili kwa mkono, polepole.
Ncha ikachora duara
mahali ilipopaswa kuweka nukta.

Basi nikagonga kabari. Kichwa cha taya kikadondoka kiganjani,
na ndani ya koni, kipande cha bati
chembamba kama ganda la kitunguu,
kimekatwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia,
herufi mbili bado zinasomeka.
Uchafu, nikasema. Nikautupa.
Nikapangusa, nikarudisha, nikazungusha.
Msumari ukacheza zaidi.

Nikapiga magoti kwenye unga wa mbao
na tochi ya simu mdomoni.

Muuzaji alisema tu: ilikuwa ya mama mmoja wa Shauri Moyo,
alitengeneza viti vya kanisa, akarudi kwao.
Alijua kwamba mhimili umepinda.
Mpya ulikuwa ghali, au haukupatikana,
akachukua mkasi na kopo,
akakata, akapima, akakata tena.
Viti vile bado vinakaliwa mahali, nadhani,
na hakuna anayeanguka wakati wa mahubiri.
Bati lake lilihama siku ile mkokoteni
ulipozama shimoni kwenye Barabara ya Jogoo,
na mimi nikashika mashine kiunoni,
nikaacha kichwa kijigonge.

Nikalirudisha. Robo mzunguko, nikajaribu.
Robo nyingine. Kisha nusu ya robo, kurudi nyuma.
Ncha ikatulia.

Milimita kumi. Kumi na kidogo.
Kigingi kiliingia kikisitasita
kama mgeni asiye na hakika na mlango, kikakaa.

Kwenye kifuniko cha mkanda nimeandika kwa penseli ya seremala,
kwa atakayeinunua baada yangu:
USITOE BATI.
Yamebaki matundu thelathini na tisa,
kumekucha, na Okumbe ameshawasha.